Kabla ya Kusema Ndiyo Afande

Mjukuu wangu Khainza,

Hapa Mafubira tuko salama. Babu yako bado anakohoa, lakini kuku wameanza kutaga. Umeniuliza kama ulipe tu hiyo bili kubwa ya maji huko Mbale, maana mtu wa kampuni anatishia kukukatia. Hofu hiyo naijua.

Nilipoolewa tulipanga Mpumudde. Siku moja alikuja mtu wa maji, amevaa kaki, na bili ya kumtosha mwenye hoteli. Nikajibu, "Ndiyo, afande." Wala hakuwa afande! Lakini sisi tuliokulia kambini, chini ya wanajeshi, tulimjibu hivyo kila mwenye sare. Kaka yangu aliwahi kumwuliza mtu wa sare swali moja tu, gari likaja kumchukua. Hayo tuyaache.

Kesho yake nilifunga mifereji yote ya maji nyumbani nikachuchumaa mbele ya mita. Ilikuwa inazunguka! Nikaenda ofisini kwao, jasho likinitoka, nikawaambia waje waone. Walikuta mafundi wao wameunga bomba la jirani kwenye mita yangu. Bili ikafutwa.

Basi nawe funga mifereji, tazama mita, kisha nenda. Hofu haitaisha kwanza. Juzi mtu wa umeme alibisha hapa na sare yake, akataka pesa. Nikamwambia, "Bwana, nionyeshe kwanza ni za nini." Akashindwa, akaondoka. Mimi nilikaa dirishani mpaka jua likazama, nikisikiliza kama kuna gari linakuja kunichukua.

Halikuja, Khainza.

Bibi yako anayekupenda