Digrii Sabini na Mbili

Jumapili, 2 Juni

Glenna wa kituo cha kuokoa wanyama amepiga simu. Jumamosi anakuja kukagua chumba. Kikimridhisha, ananiachia wale chinchila wawili siku hiyo hiyo, vijinyama vya manyoya laini, jamii ya panya — Truffle na Mabel, tumbo moja, miaka tisa hawajawahi kulala mbalimbali. Kisipomridhisha, Jumatatu mmoja anakwenda mji wa Mesa na mwenzake mji wa Flagstaff, maana hakuna mwingine anayetaka vizee viwili. Pale kituoni Mabel alinikalia kiganjani kama yuko kwake. Siwezi kuwaacha watenganishwe.

Kizimba tayari. Rafu za mbao nimekata mwenyewe, plastiki hawatakiwi kutafuna. Nyasi kavu, gunia zima. Sanduku la vumbi pia — hawa hawaogi maji, wanajigaragaza vumbini. Maji yakishaingia kwenye manyoya yale mazito hayatoki, ngozi inaoza humo ndani.

Kimebaki kitu kimoja. Baridi. Chumba kisizidi digrii sabini na mbili za Farenhaiti, kama ishirini na mbili za Selsiasi. Wakikaa kwenye themanini wanakufa. Na nyumba hii mume wangu Wendell kaiweka themanini na moja. Tucson, jangwani, mwezi wa Juni!

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia tena. Ni kama kumpigia mbuzi gitaa. Tangu astaafu, kile kidude cha kupangia baridi ya kiyoyozi pale ukumbini amekifungia kwenye kisanduku cha plastiki chenye kufuli, ufunguo anatembea nao kiunoni kama bwana jela. Kisa? Dada yangu Corinne alikuja likizo akapunguza digrii mbili bila kuuliza. Miaka mitatu sasa.

Anasema kwao kidude hakikuguswa na mtu ila baba. Anasema nyumba ya jangwani si jokofu. Nikamwambia, baba yako alishakufa, Wendell, na hakufa kwa baridi. Akacheka. Angekasirika ningejua la kufanya. Alicheka, akanimiminia chai ya barafu, akasema, "Panya tu hao, Nadine. Watazoea, mbona sisi tumezoea."

Mimi sikuzoea. Mimi nilinyamaza. Ni vitu viwili tofauti.

Jumatano, 5 Juni

Simsemeshi. Nimekula tamale zangu, vile vitonge vya unga wa mahindi, nimesimama jikoni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi kutoka maktaba nikakuta ngazi imeegemezwa kwenye dirisha la chumba cha chinchila. Wendell juu yake, jasho linamchuruzika, anafunga kile kipoza hewa cha maji cha marehemu baba yake. Cha kizamani, kinapuliza upepo kupitia pedi zilizolowa. "Chumba chako hicho, bibie. Nenda kapime."

Nikapima. Sabini na moja!

Nikaona haya. Kumbe mchana kutwa alikuwa anakisugua kutu gereji. Nikamkaangia mayai na pilipili za kijani anavyopenda. Labda nilimwonea.

Ijumaa, 7 Juni

Sikumwonea. Mjinga mimi.

Asubuhi nyasi zote zimelegea kama mchicha wa jana. Vumbi limeshikana, ukilifinya linabaki na alama za vidole. Kipima unyevu kinasoma asilimia sabini. Kitu kinapoza kwa maji, kitakuletea nini kama si maji? Kila aliyekulia hapa anajua. Nyumbani kwetu kilikuwepo kimoja, viatu vya kanisani vilikuwa vinaota ukungu kabatini. Najua kabisa, na nilisahau, kwa sababu mume wangu kanifanyia jambo na mimi nikafurahi.

Nikamwambia kitawaua hiki, wataota ukungu kwenye ngozi. Akasema, "Juzi ulitaka baridi. Leo hutaki maji. Kesho utaniagiza theluji?" Nikamwambia, fungua kufuli. Akasema atafikiria. Atafikiria! Mkaguzi anakuja kesho saa nne.

Nimekizima, nimefungua madirisha. Themanini na sita. Nimekiwasha tena. Nimesaga meno hadi taya linauma.

Jumamosi, 8 Juni

Glenna kaja na chinchila wenyewe, ndani ya kikapu chenye chupa za barafu. Mwanamke mfupi, viatu vya shambani, hacheki ovyo. Akasifu rafu. Akatia mkono kwenye vumbi, ukatoka na donge. Akalitazama, akanitazama mimi. "Baridi ipo, dada. Ila kwenye unyevu huu siwaachi." Akauliza kama kiyoyozi cha nyumba kimeharibika.

Miaka thelathini na moja sijawahi kumwaibisha Wendell mbele ya mgeni. Leo nimemwaibisha. "Kizima kabisa," nikasema. "Mume wangu kakitia kufuli."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Glenna akamgeukia, wala hakupandisha sauti. "Mzee wangu, unaweza kutuwekea sabini na mbili?"

Na yeye: "Bila shaka, mama. Hakuna taabu."

Akafungua. Haikufika dakika. Hata akamuuliza kama sabini ingewafaa zaidi.

Miaka mitatu nimeomba mimi. Nimeomba kwa upole, nimeomba kwa kufoka, nimeomba siku yangu ya kuzaliwa. Nimelala na taulo lililolowa kifuani, yeye anakoroma pembeni. Mgeni kaomba mara moja. Hakuna taabu!

Tukang'oa kipoza, nikamwaga vumbi, nikatia jipya. Glenna kasubiri saa mbili na chai yake. Chumba kimekauka. Ameridhika. Sasa hivi Truffle yuko mapajani kwa Wendell, Mabel kamwingia kwenye mkono wa sweta — ndiyo, kavaa sweta — naye anacheka peke yake huko ukumbini. Nawasikia.

Imebaki fomu. Wote wanaoishi humu watie saini kwamba wanyama hawa watatunzwa na sisi wawili, kwa baridi hiyo hiyo, hadi mwisho wa maisha yao. Glenna anasema inaweza kufika miaka kumi. Miaka kumi, nyumba hii, mtu huyu. Wendell katia saini bila hata kusoma. Hapo hapo kalamu ya Glenna ikaisha wino.

Nikasema nakwenda chumbani kutafuta nyingine. Ni robo saa sasa. Wendell anaita: "Nadine, kalamu umeipata?"

Nimeipata. Ndiyo hii ninayoandikia.