Mtani Kaondoka na Mjapani wa Baba

Mpendwa Shangazi Toé,

Kwa huzuni na taadhima, nautangazia mji wa Ouagadougou na vitongoji vyake vyote kwamba hewa ya Tampouy sasa ni safi. Majirani wanaanika mashuka meupe bila wasiwasi, kuku wameacha kukohoa, na mama anayekaanga vitumbua vya kunde kando ya ukuta wetu amenishika mkono kunipongeza kana kwamba nimeoza binti. Sababu yake ni kwamba pikipiki ya Yamaha themanini ya marehemu baba yangu, Mjapani kama tunavyoiita, iliyonunuliwa kabla sauti yangu haijavunjika, haiko tena uani kwangu. Iko Dassasgho, kwa Msamo.

Naomba msaada, Shangazi, ingawa kwa hilo jina lako la Toé najua kabisa kwamba nawe ni Msamo, mtani wetu sisi Wamosi tangu enzi za mababu, na Mmosi kukuletea wewe shauri kama hili ni sawa na kuku kumwendea kicheche amfundishe kufunga banda, lakini mke wangu amechoka kunisikiliza na gazeti hili halina mshauri mwingine.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya Zogona, mtu mzima mwenye kitambi na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza, na huyo Msamo anaitwa Paré, anafundisha darasa la sita, ukuta wetu ni mmoja, na tumetaniana tangu siku alipohamishiwa pale, yeye asubuhi ananiuliza, "Mtumwa, umeamkaje, maji yangu umeshachota?" nami namjibu, "Mla mbwa wewe, wangu nimemfungia ndani, nilijua utapita," na wanafunzi wanacheka, na siku inaanza vizuri.

Baba alipofariki, wakati joto linaelekea kuisha, Paré alikuja mazikoni kama inavyompasa mtani. Alishuka kaburini akalala chali, akasema shimo ni lake na yeyote mwenye haraka akatafute jingine. Alivaa kofia ya baba, akaiga mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto, akaiga alivyokuwa akikohoa kabla ya kutoa amri, mpaka shangazi zangu waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakajishika mbavu. Halafu akamwona Mjapani ameegemea ukuta, ufunguo umo, kwa sababu baba hakuwahi kuutoa. Akampanda, akatangaza, "Mtumwa akifa, mali yake ni ya bwana wake. Nani ana la kusema?"

Wote wakanigeukia mimi, mtoto mkubwa. Shangazi, wewe unajua nilichotakiwa kufanya, maana kila mtoto wa nchi hii anajua. Nilitakiwa niruke nishike usukani, nimwite mwizi, nimkumbushe babu yake aliyeingia vitani kwa ajili ya kichwa cha mbwa, yeye adai ng'ombe kumi, mimi nitoe jogoo na kokwa za kola, tugombane mpaka watu watokwe machozi ya kicheko, pikipiki ibaki. Mimi nilimtazama tu nikasema, kwa sauti ile ya kumwonyesha mgeni mahali pa kukaa, "Chukua."

Paré naye alinitazama, akangoja kidogo. Kisha akapiga kiki, ikawaka, akaondoka.

Mvua zimekuja na zimekoma, na bado anaiendesha. Kila asubuhi, kabla ya shule, anapita mbele ya mlango wangu Tampouy, anapunguza mwendo, anapaza sauti, "Mtumwa, mnyama wa bwana wako mzima," halafu anaondoka na kuniachia mlio wa injini, nami nachukua baiskeli yangu na kukanyaga kumfuata hadi Zogona, ambako naikuta pikipiki ya baba imeegeshwa chini ya dirisha la darasa langu, nikawa nafundisha hesabu za sehemu huku macho yangu yakiwa nje. Siku nyingine nafikiri bado anatania. Siku nyingine nafikiri ameshachukua, basi, nilimpa mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Na siku nyingine nafikiri mtu anayetania kwa muda mrefu hivi ni mwizi mwenye uvumilivu. Kukasirika siwezi, maana ni mtani, na Mmosi aliyemkasirikia Msamo atawaangalia vipi watu? Kuomba kwa upole nako siwezi, maana nani amewahi kumwomba mtani kwa upole?

Nikasema labda nianze mahali pengine, nijiulize kama hiyo pikipiki ninaitaka. Nikaanza kuwauliza wenye pikipiki, Shangazi, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Boukary, fundi wa pale kwenye taa za Larlé, alifuta mikono akaniambia, "Mwalimu, Mjapani wa zamani ni kama mke wa kwanza. Atakusema, atakununia, lakini hatakuacha njiani." Nikamuuliza mbona basi uwanja wake umejaa Wajapani wa zamani walioachwa njiani, akasema hao wameharibiwa na waume zao. Mwenzetu mmoja shuleni aliuza wake akanunua mpya ya kubonyeza kitufe, inang'aa kama jino la dhahabu, na sasa kila akisikia ya zamani inapita ananyamaza katikati ya sentensi, kama mtu aliyesikia jina la mchumba wake wa zamani. Mzee mmoja nilimkuta kwenye foleni ya petroli, alikuwa akichanganya oili kwa kijiko, akaniapia kwamba tangu siku alipomnunua hajapanda mwingine, yeye na Mjapani wake wamezika mafundi wanne. Kijana wa nyuma yake akasema, "Baba, wewe huendeshi, wewe unauguza." Wakaanza kugombana, wengine wakaingilia, kila mmoja na lake kuhusu kiasi cha oili na uzito wa chuma cha enzi zile, mpaka nikaondoka bila petroli, halafu nikakumbuka kwamba nina baiskeli.

Binti yangu Rasmata anasema, "Baba, acha aondoke nayo, nguo zako sasa zinanukia mtu." Mke wangu anasema lile lile kwa maneno machache zaidi. Na mimi ukweli ni kwamba haikuwa ikinipenda. Miaka miwili ya mwisho, baba alipokuwa hawezi tena kuipanda, nilikwenda nayo kazini mimi, naye alikuwa akikaa mlangoni kila asubuhi kunisikiliza nikihangaika na kiki, akisema, "Usiibane. Iachie ipumue." Aliipanda vijijini maisha yake yote ya kazi akichanja ng'ombe wa watu, na mimi, mwanawe, nilikuwa nikishindwa kuiwasha mbele ya mlango. Mikononi mwa Paré inawaka kwa kiki moja.

Sasa niambie, Shangazi. Ni yangu au ni yake? Nimdai au ninyamaze? Nimechanganyikiwa hata juzi nilimwita mwanafunzi mmoja Yamaha.

Nikiéma, Tampouy

*

Mtumwa wangu Nikiéma,

Umefanya vema kumwandikia bwana wako. Kupiga magoti hakukuwa lazima, lakini nitachukulia kwamba ulipiga.

Kwanza, pole kwa baba. Mtu aliyezunguka vijiji kuchanja ng'ombe wa wengine hakuwa mtu mdogo, na anastahili kuliliwa na mtoto wake, jambo ambalo katika barua yako ndefu sikuliona mahali popote. Niliona shangazi zako wanalia, niliona kuku wanakohoa. Wewe sikukuona.

Sasa tuje kwenye ujinga wako. Wewe ni mwalimu, bila shaka una ramani ya mji ukutani. Itazame. Paré anakaa Dassasgho. Shule iko Zogona. Kutoka huku hadi huku hata mbuzi anafika kabla hajachoka. Tampouy iko upande wa pili wa mji kabisa. Mtu anayeamka mapema na kuchoma petroli yake kuvuka Ouagadougou nzima, kila asubuhi, ili apite mlangoni kwako na kukuita mtumwa, huyo si mwizi. Mwizi hupita njia nyingine. Huyo anakuonyesha pikipiki yako na kukusubiri useme neno, nawe unachukua baiskeli.

Unauliza kama bado anatania. Utani ni mzigo wa watu wawili, Nikiéma. Siku ile wewe uliachia upande wako, ukamwacha mwenzio amesimama nao. Afanye nini? Akikurudishia mwenyewe bila kukombolewa, atakuwa amekiri kwamba alichukua kweli, mali ya maiti, mbele ya ukoo wako. Akikaa nayo, atakuwa amechukua kweli. Umemfunga mtu wa watu kwa neno moja, halafu unaniuliza mimi kama ana uvumilivu.

Na hao wapanda pikipiki uliokwenda kuwauliza, waache. Kama Mjapani mzee anafaa au hafai, hilo ni swali la mtu anayenunua. Wewe hununui. Kwamba inawaka kwake na kwako haiwaki, hilo nalo si ajabu: yeye haogopi kusikilizwa.

Utafanya hivi. Jumapili utakwenda Dassasgho, nyumbani kwake, si shuleni. Utachukua jogoo, awe hai na awe na kelele, na kola za kutosha mkono. Hutasema samahani. Hutasema tafadhali. Ukimwita "Bwana Paré" hata mara moja, umeharibu, rudi nyumbani. Utaanza kumtukana ukiwa bado getini, ili majirani wasikie, na utadai pikipiki ya baba yako kama mtu anayedai. Akitaka ng'ombe, mpe mkia. Akitaka mkeo, mwambie akamwombe mwenyewe, tuone. Hutatoka pale kabla hamjagombana kisawasawa. Beba na plagi mpya, maana hata sisi Wasamo huchosha plagi.

Na usiniletee tena habari za kuku na kicheche. Kuku angeniuliza mimi, leo angekuwa na mlango imara.

Shangazi Toé

*

Shangazi,

Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine, nzuri sana, ambamo nafika Dassasgho na kumtukana Paré kwa ufasaha hadi mkewe anaomba aandikiwe. Nimeichana. Yaliyotokea kweli ni haya.

Gazeti lako lilifika kabla yangu. Nilipokunja kona, jogoo kwapani, nilikuta mabenchi mbele ya nyumba, majirani wamekaa, watoto mbele, na mke wa Paré anagawa kinywaji cha mtama na tangawizi. Paré mwenyewe alikuwa katikati, kanzu imepigwa pasi, kama mtu anayesubiri kutunukiwa nishani. Mjapani alikuwa kando yake, ameoshwa hadi kwenye spoku. Mtu mmoja akaniambia, "Mwalimu, tumengoja tangu ibada iishe. Anza."

Matusi niliyoyakariri njia nzima yalinitoka kichwani yote. Nilifungua kinywa, na kilichotoka sikukipanga. Nilisema, "Paré, baba amekufa."

Hakuna aliyecheka. Nilisimama pale na jogoo wangu, machozi yakinitoka mbele ya mtaa wa watu nisiowajua, mtu mzima na kitambi chake. Paré alitazama chini. Kisha akainuka, akakohoa kile kikohozi cha baba, akasema, "Amekufa kwa ruhusa ya nani? Mtumwa wangu hafi bila kuniaga."

"Alikuaga," nikamwambia. "Alisema, mwambieni yule mla mbwa asiguse pikipiki yangu, vidole vyake vina mchuzi."

Hapo ndipo watu walipocheka, nami nikakasirika inavyotakiwa. Nilimwita mwizi wa maiti. Alitaka ng'ombe kumi, nikampa mkia wa mmoja atakayezaliwa. Alitaka suruali niliyovaa, mkewe akakataa kwa niaba ya mabenchi ya mbele. Mwisho alimkagua jogoo kama daktari, akasema ni mwembamba kama mwalimu asiyelipwa, akamchukua pamoja na kola.

Tukaenda kwenye pikipiki, tukiwa tumewapa watu mgongo. Alikuwa ameshika ufunguo, na hakuutoa mara moja. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani hutakuja, Nikiéma. Nilikuwa nimeanza kuizoea. Mke wangu juzi ameiita 'yetu'."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nilimtazama, nikaona anaogopa, na nikaelewa kwamba ningekaa kimya kidogo zaidi tusingekuwa na la kuambiana, mimi na yeye, ukuta ule ule, hadi kustaafu.

"Msamo hazoei kitu," nikamjibu, kwa sauti ya kufika mabenchi ya nyuma. "Msamo huiba tu."

Akapumua kwa nguvu, akacheka, akaachia ufunguo.

Nikiéma