Nafasi ya Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za baba, ambaye hajui kama nakuandikia. Natumaini barua hii imekukuta mzima, kazi zinakwenda, na ile tabia yako ya kula umesimama umeiacha. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio hauko sawa, na utajua sababu ukisoma mpaka mwisho, kwa hiyo usiruke mistari kama ulivyozoea.

Nisikuzungushe. Mama ana uvimbe kwenye taya. Daktari amesema lazima ukatwe pamoja na sehemu ya mfupa, na kwamba uso wake hautarudi kuwa ule tunaoujua. Anaingia hospitali Jumatatu ijayo.

Jumapili iliyopita aliingia studio amevaa gauni jeusi, akasema anataka kupigwa picha. Unamjua mama: mke wa mpiga picha, na picha zake zote hazijai kiganja. Nilishangaa, na nilishangaa zaidi kuona baba hashangai. Alitoka chumba cha giza na ile kamera kubwa ya filamu pana, ya kuinamia na kutazama kioo cha juu, ikiwa imeshatiwa filamu. Siku hizi kutia filamu ni kazi yangu, kwa sababu mikono yake inatetemeka. Nilipotaka kuikagua alinikatalia. Akatundika kitambaa cheusi, kisha akamsimamisha mama kushoto kabisa, na upande wa kulia pakabaki weusi mtupu. Nilimwambia hivyo ndivyo wanavyopiga wanaoanza. Akanijibu nishike taa nifunge mdomo.

Alipiga picha zote kumi na mbili za filamu ile. Akalamba kile kikaratasi cha gundi, akaifunga filamu, akanikabidhi. Alisema nikiiharibu hii, uso ule hatutaupata tena.

Kaka, niliogopa. Nilijifungia gizani na vidole vyote vimelowa jasho. Filamu ilikataa kuingia kwenye kibiringi cha kusafishia, ikajikunja, nikaisikia ikilia, nikaitoa na kuanza upya. Nje ya mlango nilisikia ndala za baba zikienda na kurudi. Nilimimina dawa huku nikihesabu kwa sauti, maana saa ya ukutani sikuiamini.

Niliitoa, nikaiinua kwenye mwanga. Kila picha ilikuwa na watu wawili. Kwenye ya kwanza mkono wa mtu ulikatiza shingoni mwa mama, kwenye ya pili bega lilikuwa limemfunika shavu. Nikajua baba ametia filamu iliyokwisha kupigwa. Uzee umemfika, nikajiambia, na umefika siku mbaya kuliko zote. Niliamua kumwambia kwamba dawa ilikuwa mbovu. Bora lawama niibebe mimi kuliko ajue kwamba mikono yake ndiyo iliyoufuta uso wa mkewe.

Basi baba akagonga. Hakuuliza kama picha zimetoka. Aliuliza kama wametoka wote wawili.

Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Wewe umekulia kwenye filamu hizi, unajua kwamba ikishapigwa hairudi mwanzo yenyewe. Mtu lazima ajifungie gizani aiviringishe upya kwa mkono. Kwa mikono ile ile inayotetemeka.

Baba alinieleza pale mlangoni. Ni filamu ya siku uliyoondoka, ulipokataa kurithi studio na mama akajifungia chumbani asikuage. Baba alikusimamisha kulia mbele ya kitambaa kile, akaacha nafasi kushoto, akawa anapiga polepole akingoja mama atoke. Hakutoka. Baba hakuisafisha. Aliiweka kabatini, na hakumwambia mtu isipokuwa mama. Kabla ya Jumapili hiyo mama mwenyewe ndiye aliyeomba aingizwe humo. Alimwambia baba kwamba kama uso huu unaondoka, uondoke ukiwa umeshasimama na mwanawe.

Nyingi zimeharibika kweli. Ya tisa imekaa sawasawa. Siku ile ulikuwa umegeuka kushoto, unatazama mlango wa chumba chake. Naye Jumapili aligeuka kulia, nami nikadhani anatazama ukuta. Mnatazamana, kaka. Nimeisafisha usiku nikilia kama mtoto, na sioni haya kukwambia.

Sasa nikiri. Mama alitukataza kukueleza habari za ugonjwa. Alisema ukirudi iwe kwa kupenda, isiwe kwa kuogopa. Niliapa mbele yake nikiwa nimeshika mkono wake, na leo nimevunja kiapo. Akinikasirikia, nitakaa na hasira zake, nimezizoea.

Picha iko ndani ya bahasha, ishike pembeni. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi akufikishie mkononi. Wasalimie wote walio karibu nawe, na ujitunze njiani, kwa sababu najua utakuja kabla ya Jumatatu. Imebaki filamu moja mpya. Nimeshaitia kwenye kamera, mimi mwenyewe, na kitambaa hatujakishusha.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo