Samaki Niliyemla Tokio

Mdogo wangu Kajuna,

Salamu kwako, kwa watoto na kwa ng'ombe wetu wa Rugu. Huku Tokio kuna mvua nyembamba isiyokatika, na kifua changu hakiipendi. Jana, baada ya mkutano wa makanisa, wenyeji walitupeleka kwenye mkahawa mdogo wa mtaani kwao. Mpishi, mzee kama mimi, alifinyanga tonge la wali, akalaza juu yake kipande cha samaki mbichi, akaniwekea mbele na kusimama akinitazama.

Mchungaji wa Bukoba niliyesafiri naye, ambaye kwao samaki ni chakula cha kila siku, alicheka. "Kula, mwalimu! Ng'ombe wenu wako mbali, hawatasikia."

Nikala. Kipande cha kwanza nilikula kwa adabu, nisimwaibishe mzee mwenzangu. Lakini cha pili, Kajuna, nilikiomba mwenyewe. Kilikuwa baridi na laini, na ni siku nyingi chakula hakijanishuka vizuri hivyo.

Unajua daktari amesema sina muda mrefu, na kwamba nikirudi nitaishi kwa maziwa. Ningeweza kunyamaza, nikanywa. Ila baba alitufundisha kwamba mla samaki hanywi maziwa ya zizi letu, ng'ombe wasije wakakauka, na zizi sasa ni lako. Basi amua wewe. Ukininyima, niandalie uji, sitanuna. Ukinipa, nikamulie yule mwekundu wa pembe ndefu, nami nitakunywa bila kukuficha kitu.

Mungu awatunze nyote, na zizi lisipungue.

Kaka yako akupendaye