Meza ya Wawili kwa Vayssade

Jumamosi, 4 Mei 2019

Régis katandaza ramani meza nzima ya jikoni. Mayai yangu nimeyala nimesimama, sahani mkononi. Barabara kuu hataki hata kuzisikia – mtu aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja! Siku sita za vijijini, kutoka hapa Bourges hadi nyanda za juu za Aubrac. Mchana mkate na jibini kando ya njia, jioni kitambaa cheupe mezani na divai ya maana.

Upasuaji wa Régis ni tarehe 28. Daktari hakuficha: ulimi wenye saratani utakatwa karibu wote, kisha chakula kitapita kwenye mpira wa tumboni. Pengine maisha yote. Kwa hiyo tunaondoka tarehe 16. Tule kwanza.

Nimeandika "tule", nikalipigia mstari.

Jumanne, 7 Mei

Simu kutwa. Meza nne nimepata. Ya kwa Vayssade, ule mgahawa wa Aubrac, niliiacha mwisho, kwa woga. Ndiyo safari yenyewe ile, hizo nyingine ni vituo tu. Mwaka 1974, wiki ya harusi yetu, tulisimama mlangoni pao tukaisoma orodha ya vyakula iliyobandikwa nje, halafu tukarudi garini tukala soseji na mkate. Mifuko mitupu! Régis aliinakili orodha yote nyuma ya bahasha. Ipo mpaka leo, garini, pamoja na kadi ya bima. Kamba wa mtoni kwa krimu. Njiwa wa kuoka. Viazi vya kusonga na jibini. Alisema tutarudi. Miaka arobaini na mitano tunarudi – mara paa, mara mtoto, mara mgongo wangu.

Msichana wa kwa Vayssade alikuwa na adabu zote. Tarehe 20, mama? Hiyo ni Jumatatu. Jumatatu tunafunga.

Jumatatu! Nani asiyejua kuwa Jumatatu vijijini hakuna jiko linalowaka? Régis mwenyewe alikuwa akiwacheka watu wa Paris wakigonga milango iliyofungwa: "Gongeni tu, labda paka atawapikia!" Na tarehe kazipanga yeye. Siku nyingine zote zimejaa hadi Jumamosi ya tarehe 1 Juni. Nilipomwambia hakucheka. Akaanza kuikunja ramani, ikamshinda.

Alhamisi, 9 Mei

Sylvaine kaja na supu. Binti yetu huyu ana moyo mzuri na mdomo wa wembe. Kaiona ramani. "Mama, mtu anameza kwa taabu, na nyie mnapanga kamba?" Baba yake akamwambia vijijini kuna hewa safi. Naye: "Sikio la kufa halisikii dawa!" Neno lilipomtoka tu, akageukia dirisha. Akafuta macho na taulo la vyombo.

Régis kamwambia supu haina chumvi.

Jumatatu, 13 Mei

Wamepiga simu kutoka hospitali. Walitaka tu kuhakikisha: upasuaji umesogezwa hadi tarehe 11 Juni, kama mgonjwa alivyoomba.

Kama mgonjwa alivyoomba! Na daktari alimwonya kwamba kila wiki ina uzito wake, wamesema hivyo pia. Nilimfuata uani, alikuwa akisugua vioo vya gari. Nilipiga kelele mpaka jirani akafunga dirisha. Yeye kaendelea kusugua. Kisha akasema, kwa ile sauti yake mpya nzito: "Ulimi nitawapa, Huguette. Ila wataupata ukiwa umeonja."

Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Namchukia. Nampenda mno. Na nikatoka, nikaosha uso, nikapiga simu kwa Vayssade mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaichukua ile meza ya tarehe 1, safari nayo ikasogea hadi mwisho wa mwezi. Ningeweza kukataa. Sikukataa – nami nilikuwa namtaka yule kamba.

Jumatano, 22 Mei

Mkate haupiti tena. Tunauchovya kwenye maziwa.

Jumatatu, 27 Mei

Kesho ndiyo ingekuwa siku ya upasuaji. Nimepiga simu hospitali, nimeomba tarehe irudishwe, nimebembeleza. Nafasi yake kapewa mtu mwingine. Pole sana, mama.

Tangu jana hasemi, anaandika kwenye bahasha za bili za zamani. Leo: *Matairi ya mbele yanahitaji upepo.* Maziwa nayo anayameza kwa kufumba macho. Sylvaine hakunilaumu kwenye simu. Heri angenilaumu.

Jumatano, 29 Mei

Tunaondoka kesho, asema Régis. Yaani, aandika. Sanduku liko mlangoni. Kapiga pasi shati lake mwenyewe, na koti la buluu kalitundika kitini. Asubuhi hii kijiko cha maziwa kimerudi chote kwenye kitambaa. Tukajifanya hatukuona, mimi na yeye.

Sasa hivi, saa tano, simu. Yule msichana wa kwa Vayssade. Anathibitisha: Jumamosi, chakula cha jioni, wawili, meza ya dirishani. Nikasema ndiyo. Akauliza, kwa furaha tu, kama wanavyomuuliza kila mteja: kuna kitu ambacho mmoja wenu hali?

Nikalitazama sanduku mlangoni. Mama, uko hewani? Nikamwomba anipigie baada ya dakika kumi.

Régis alikuwa kasikia yote, simu yetu hii ina sauti kubwa. Kaenda garini, karudi na bahasha ya mwaka 1974. Pembeni pake, chini ya mstari wa viazi, palibaki nafasi kidogo. Kaandika hapo, kanisogezea, kashika tena ramani yake.

*Mwambie nakula kila kitu.*

Dakika nane zimepita. Bahasha iko hapa mbele yangu, na simu iko juu yake.