Uongo Niliousoma Kanisani

Dada Aika,

Figo yako uliyonipa inafanya kazi vizuri. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo pekee ninaloweza kukwambia bila kuona haya.

Jana nilimwambia daktari wangu ukweli, kwamba Mama hakufa kwa presha. Alikufa kwa saratani ya matiti, na wewe umemfuata kwa ugonjwa huohuo. Daktari akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa nini sikusema kabla ya kupandikizwa.

Unakumbuka walipotuuliza kama kuna saratani kwenye ukoo? Nilisema hapana harakaharaka, nikiogopa wangekukataa na mimi ningekosa figo. Ukaniangalia, kisha na wewe ukasema hapana. Wewe, ambaye hata kasoro ndogo ya kitenge ulikuwa ukimwonyesha mteja kabla hajakilipia.

Ulipopata uvimbe ukasema, "Nimejigonga na robota la vitenge dukani." Nilikuamini kwa makusudi, Dada. Ungeenda hospitali, uongo wetu ungejulikana. Sikukuhimiza ukapimwe; ulipokwenda mwishowe ilikuwa imeshasambaa, na majibu tukayaficha sisi wawili. Halafu nikasimama kanisani mbele ya jeneza lako nikasoma wasifu wako: "Alisumbuliwa na presha." Ni maneno yaleyale niliyomwandikia Mama. Wenzako wa Kariakoo, waliofunga maduka kuja kukuzika, wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Daktari anasema dawa ninazomeza ili mwili usiikatae figo yako zinashusha kinga, na saratani ikinianza inaweza kwenda kasi. Nitapimwa vinasaba, nitapigwa picha ya matiti kila mwaka, na tutazungumza kama yaondolewe mapema. Naogopa. Lakini akaniuliza pia kama una mtoto wa kike. Nikalia.

Doreen wako ndiye anayefungua duka lako sasa. Ananiita Mama Mdogo, ananichagulia kiti kisichopigwa jua, ananiuliza kama nimemeza dawa. Hajui kwamba yeye pia anapaswa kupimwa. Hajui kwamba huenda ungetibiwa mapema kama mimi ningefungua mdomo.

Jumamosi nitamwambia yote. Akinifukuza, ana haki. Na Desemba tukienda Moshi kwenye kumbukumbu yako, nitausoma wasifu wako upya pale kaburini, na ugonjwa nitautaja kwa jina lake, wako na wa Mama.

Pumzika, Dada. Mtu akiniuliza tena kuhusu ukoo wetu, nitasema ndiyo.

Mdogo wako,
Ndeshi