Miche ya Miwa Mbele ya Mgeni Rasmi

Dodoma, Ijumaa

Dada Rehema, shikamoo. Mimi na vumbi la huku tumeshazoeana. Semina yetu ni ya kufufua kilimo cha miwa, na chai yake inatiwa sukari iliyotoka nje.

Unaijua ile miche ya miwa ninayoizalisha maabara, ndani ya chupa. Nimehangaika miaka miwili mpaka nikapata njia ya kuikuza bila kuota ukungu, mradi chupa isifunguliwe. Jumatatu nilizipanga chupa ukumbini kwa maonyesho, na mgeni rasmi wa kufungua semina akachelewa kwa saa tatu. Katika kumsubiri, bwana itifaki akazifungua chupa zote, madirisha wazi, upepo unavuma. Nikamwambia, "Mzee, miche itakufa." Akanijibu, "Kijana, mgeni haonyeshwi kitu kilichofunikwa."

Leo kila chupa imejaa ukungu wa kijani. Mgeni rasmi amerudi kufunga semina, akainama, akatabasamu: "Naona mimea imeshamiri. Hongereni sana." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, dada. Nisamehe.

Wabusu watoto. Niwekee muwa mmoja wa shambani kwako, nije niutafune kibarazani, bila mgeni rasmi.

Mdogo wako,
Hamisi